Beni: Kabla ya kumwachia fundi simu yako Bungulu, muulize kwanza

BENI – Katika tarafa ya Bungulu, mjini Beni, mtu ambaye simu yake imezimika hahitaji kutembea mbali ili kupata fundi. Kando ya barabara, karibu na maduka na vituo vya wanamotari, kuna meza yenye kioo, taa ndogo, bisibisi za kila ukubwa na simu kadhaa zilizofunguliwa mgongo. Kazi ngumu ni kujua ni meza ipi inayostahili kuachiwa simu yenye pesa, picha na siri za nyumba nzima.

Zamani simu ilipoharibika, hasara ilikuwa bei ya simu yenyewe. Leo simu hiyo hiyo ndiyo mlango wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Ndani yake muuzaji wa soko la Kilokwa ameandika majina ya wateja wanaomdaiwa. Mwanafunzi ameweka humo kurasa za kazi yake ya mwisho wa masomo. Na kwa familia zilizokimbia vijiji vya Beni na Lubero bila kubeba kitu, picha za ndugu waliokufa ziko humo tu.

Jambo hilo limekuwa zito zaidi tangu mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Benki za Goma zilifunga milango, uongozi wa jimbo la Kivu ya Kaskazini ukahamia Beni kwa muda, na jamaa waliotawanyika wakabaki wakitegemea simu kutumiana pesa na habari. Mtu aliyefika Beni hivi karibuni hana fundi anayemjua, wala hana jirani wa siku nyingi wa kumuuliza. Anachagua kwa macho, na mara nyingi anachagua meza ya kwanza.

Yapo hata hivyo maswali machache ambayo mkaaji yeyote anaweza kuyauliza, hata kama hajui lolote kuhusu elektroniki. Majibu yake huonyesha kama aliye mbele yake ni fundi wa kweli au ni mtu mwenye bisibisi tu.

Cheti kinasema nini

Swali la kwanza ni mahali fundi alipojifunza. Njia ni nyingi. Wapo waliomaliza shule za ufundi na kupata diploma ya Serikali katika umeme au elektroniki. Wapo waliopitia INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Wengine wamesoma informatiki katika vyuo vikuu, kama vile UCBC kilichoko hapa Beni, au katika vyuo vya Butembo, mji ulio umbali wa kilomita 54. Mwingine ataonyesha cheti cha kozi aliyofanya Kampala. Na wapo wengi waliojifunza kwa kukaa miaka kadhaa kando ya fundi mkubwa, wakianza kwa kufagia na kushika taa.

Vipo pia vyeti vya kimataifa. Kinachojulikana zaidi kwa kazi ya kutengeneza kompyuta ni A+ cha shirika la CompTIA la Marekani. Mtu hukipata baada ya kushinda mitihani miwili, na huisha nguvu baada ya miaka mitatu asipokihuisha. Makampuni yanayotengeneza simu nayo huwa na mafundi wao waliokubaliwa. Kwa mfano, simu za Tecno, Infinix na itel, ambazo watu wengi wa mashariki mwa Kongo wanazitumia, hutengenezwa chini ya huduma moja iitwayo Carlcare. Mteja aliyenunua simu mpya na bado ana kadi ya garanti aisome kwanza kadi hiyo kabla ya kwenda kwa fundi wa mtaani, kwa sababu simu ikishafunguliwa na mtu mwingine, kampuni inaweza kukataa kuitengeneza bure.

Cheti kinathibitisha kwamba mtu alifundishwa. Hakithibitishi kwamba ni mwaminifu, wala kwamba ameendelea kujifunza. Aliyehitimu miaka kumi iliyopita alifundishwa simu ambazo batri yake ilitolewa kwa ukucha. Simu za leo zimefungwa kwa gundi, na kuzifungua kunahitaji moto wa kipimo. Kwa hiyo swali la cheti lifuatwe na lingine: je, fundi huyu amekwisha kutengeneza simu ya aina hii hii, na yuko wapi mtu aliyemtengenezea?

Karatasi nyingine ya kuangalia ni ya biashara. Fundi wa meza ndogo anaweza kuonyesha patenti. Mwenye duka kubwa zaidi anaweza kuwa na namba ya RCCM, daftari la biashara linalofuata sheria za OHADA, ambazo zilianza kutumika nchini Kongo tarehe 12 Septemba 2012. Karatasi hizo hazisemi lolote kuhusu ufundi wake. Zinasema kwamba anajulikana, ana jina na ana mahali, na kwamba siku ya matatizo kuna pa kuanzia. Fundi anayehamisha meza kila mwezi, asiye na jirani anayemjua kwa jina, humwacha mteja bila pa kuuliza, hata kama mikono yake ni mizuri.

Fundi mzuri hupima kwanza

Dakika tano za kwanza zinaonyesha mengi. Tuseme mama mmoja anafika na simu isiyopokea chaji. Fundi mwenye haraka ataishika, ataigeuza na kusema papo hapo kwamba batri imekufa. Fundi anayejua kazi ataanza kwa maswali: ilianza lini, ilianguka, iliingia maji, ilichajiwa kwa umeme gani? Swali la umeme lina maana kubwa Beni, ambako simu moja inaweza kuchajiwa asubuhi kwa paneli ya jua, mchana kwa jenereta ya jirani na usiku kwa umeme unaopanda na kushuka.

Kisha atajaribu chaja nyingine na waya mwingine. Ataangalia tundu la chaji kwa taa, kwa sababu mara nyingine vumbi la mfukoni ndilo linalozuia waya kuingia vizuri, na dawa yake ni kusafisha tu. Baada ya hapo atapima kwa multimeta kuona kama umeme unaingia na kama batri inaushika. Akishaona kwamba tundu ni zima na batri ni nzima, ndipo atashuku bodi kuu, yaani carte mère, ambako kuna kipande kidogo kinachosimamia chaji.

Kila hatua ina bei yake. Kusafisha tundu ni kazi ya dakika chache. Kubadili tundu kunahitaji kulehemu. Kugusa bodi kuu kunahitaji mashine ya hewa ya moto, darubini na mkono uliozoea. Anayetaja bei kabla ya kupima anabahatisha, na gharama ya kubahatisha huko hulipwa na mteja. Hivyo mteja ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla simu haijafunguliwa: umeona ugonjwa gani, umeuonaje, na ukifungua ukakuta ni mwingine, utaniita kabla ya kuendelea?

Simu iliyoingia maji ni mtihani mwingine. Watu wengi hukimbilia kuifukia ndani ya mchele. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake waache desturi hiyo, kwa sababu chembe za mchele zinaweza kuiharibu simu zaidi. Kinachosaidia ni kuizima mara moja, kutoichaji na kuipeleka kwa fundi mapema. Fundi anayejua ataifungua, atatoa umeme wa batri na kusafisha bodi kwa alkoholi maalumu kabla kutu haijala njia za umeme. Anayeichomeka kwenye chaja ili aone kama inawaka, wakati bado ina maji, anaweza kuiunguza hapo hapo mbele ya mwenyewe.

Kipuri cha aina gani

Vipuri vingi vya simu na kompyuta vinavyouzwa Beni na Butembo hupitia njia ya Uganda, kupitia mpaka wa Kasindi. Kioo cha aina moja kinaweza kupatikana kwa ubora wa ngazi kadhaa: cha kampuni yenyewe, cha kuiga chenye ubora mzuri, cha kuiga cha bei ya chini, au kilichotolewa kwenye simu iliyokufa. Vyote vinaweza kuwaka siku ya kwanza. Tofauti huonekana baadaye, pale rangi inapofifia, kidole kisiposikika kwenye kona moja, au batri inapoisha haraka kwa sababu kioo kinakula umeme mwingi.

Kutumia kipuri cha kuiga au cha simu nyingine si wizi. Kwa simu ya zamani huenda ndiyo njia pekee. Udanganyifu huanza pale mteja anapolipishwa bei ya kipya akawekewa cha zamani. Kwa hiyo mteja aombe mambo mawili: aambiwe mapema ni kipuri cha aina gani, na arudishiwe kile kilichotolewa. Kioo chake kilichopasuka au batri yake iliyokufa ni mali yake, na kuiona mezani ni ushahidi kwamba kweli kilibadilishwa.

Kwa kioo, mteja aulize pia kama kilichopasuka ni kioo cha juu tu au ni afisheri nzima. Katika simu nyingi za sasa vitu hivyo viwili vimegandishwa pamoja, na kuvitenganisha ni kazi ya mashine. Anayeahidi kubadili kioo cha juu peke yake kwa bisibisi na wembe anaiweka afisheri nzima hatarini.

Kwa batri, suala ni usalama. Batri za litiamu zinazotumika katika simu huchoka kwa matumizi. Nyingi zimetengenezwa zibaki na kama asilimia 80 ya nguvu zao baada ya mizunguko karibu 500 ya kuchajiwa. Batri iliyovimba haipaswi kutobolewa, kukandamizwa wala kurudishwa ndani ya simu, kwa maana inaweza kushika moto. Fundi anayemwambia mteja aendelee nayo mpaka mwisho wa mwezi hajali nyumba ya mteja huyo.

Neno la siri ni la nini

Sehemu inayosahaulika zaidi ni siri. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, nchini Kanada, walipeleka kompyuta kwa mafundi wa maduka 16, kompyuta hizo zikiwa zimewekewa kumbukumbu ya siri inayoandika kila kinachofunguliwa. Kasoro waliyoiweka ilikuwa ndogo, ya sauti. Waliporudishiwa, walikuta kwamba katika maduka 6 mafundi walikuwa wamefungua vitu vya binafsi visivyohusiana na kazi, na katika mawili kati ya hayo walikuwa wamenakili vitu hivyo. Katika sehemu nyingine ya uchunguzi huo, waliomba tu kubadilishiwa batri. Karibu kila duka lilidai neno la siri, ingawa kubadili batri hakuhitaji kuingia ndani ya kompyuta.

Hayo yalitokea katika nchi yenye maduka makubwa na vibao vya kumetameta. Ukubwa wa duka haukuzuia mkono wa fundi. Funzo kwa mkaaji wa Bungulu ni kwamba kila anapoombwa neno la siri, aulize litatumika kufanya nini. Kubadili batri, kioo au tundu la chaji hakuhitaji neno la siri mpaka wakati wa kujaribu, na wakati huo mwenyewe anaweza kulibonyeza kwa kidole chake. Kama kazi ni ya programu, inawezekana fundi akahitaji kuingia ndani. Hapo ni bora mteja akae na kusubiri, au aweke neno jepesi la muda na kulibadili mara tu anapopokea simu yake.

Kuhusu pesa, hatua ya kwanza ni rahisi: kutoa kadi za SIM na kadi ya memori kabla simu haijakabidhiwa. Pesa za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money hazikai ndani ya simu. Zimo kwenye akaunti inayofunguliwa kwa SIM na namba ya siri. Fundi anayetaka kujaribu mtandao anaweza kutumia SIM yake mwenyewe. Na hakuna kazi yoyote ya simu, hata moja, inayohitaji namba ya siri ya pesa. Anayeiomba ameshajibu swali la uaminifu.

Wengi pia huandika namba hizo za siri ndani ya simu yenyewe, katika ujumbe au kwenye majina ya watu. Mahali pake ni kichwani. Ni vizuri pia kuweka namba ya siri kwenye SIM. Akikosewa mara tatu, SIM hufungwa na kudai namba ya PUK, kwa hiyo aliyeiokota au kuiiba hawezi kuitumia kwa urahisi.

Simu ikirudi, kuna jambo moja la kukagua upesi. WhatsApp ina sehemu inayoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Mtu aliyeshika simu iliyofunguliwa kwa dakika moja tu anaweza kuiunganisha na kompyuta yake, kisha akaendelea kusoma ujumbe akiwa mbali. Kikionekana kifaa kisichojulikana, mwenyewe anakiondoa kwa kubonyeza mara moja.

Kompyuta na kazi ya mwanafunzi

Kwa kompyuta, hasara kubwa hutokana na neno moja linalosemwa haraka: tutaweka Windows mpya. Kompyuta inapokataa kuwaka, mara nyingi diski yake bado ina kila kitu. Anayeweka Windows mpya bila kunakili kwanza anaweza kufuta TFC ya mwanafunzi, hesabu za duka au orodha ya wanafunzi wa shule nzima. Kompyuta itawaka vizuri, na mwenyewe atakuta haina kitu.

Fundi wa kuaminika huuliza kuhusu kazi zilizomo kabla ya kugusa diski. Huitoa, huiunganisha na mashine nyingine, hunakili kilichomo mbele ya mwenyewe, kisha ndipo huanza matengenezo. Kama diski inatoa mlio wa kugonga, huizima badala ya kuilazimisha, kwa sababu kila dakika inayozunguka inaweza kuharibu zaidi. Hivyo hivyo kwa simu: kuiflashi hufuta vilivyomo, na simu nyingi za Android hudai akaunti ya Gmail ya zamani baada ya kufutwa. Mteja asiyekumbuka neno la siri la akaunti hiyo anaweza kurudishiwa simu nzima asiyoweza kuifungua.

Jambo lingine la kuuliza ni programu zinazowekwa. Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mkono wa pili hazikubali Windows 11. Fundi mkweli atamweleza mteja hali hiyo na kumwachia uamuzi. Programu za wizi zinazopita kutoka flashi hadi flashi huja mara nyingi na virusi, na kompyuta iliyotengenezwa leo inarudi wiki ijayo kwa ugonjwa ule ule.

Karatasi ndogo yenye nguvu

Katika meza nyingi, makubaliano huishia mdomoni. Mteja anaacha simu, fundi anasema rudi jioni, basi. Matatizo yakitokea, kila mmoja anakumbuka yake.

Karatasi ya daftari la shule inatosha kuzuia hayo. Iandikwe tarehe, jina na namba ya fundi, jina la mteja, aina ya simu, ugonjwa ulioelezwa, bei iliyokubaliwa kwa franka au kwa dola, kiasi kilichotangulizwa, siku ya kurudi na siku za garanti ya kazi. Iandikwe pia namba ya IMEI, tarakimu 15 zinazotambulisha simu moja tu duniani. Ili kuiona, mtu hubonyeza *#06#. Namba hiyo wakaaji wengi waliisikia wakati wa RAM, kodi ya simu iliyoanza mwaka 2020 na kuondolewa mwanzoni mwa 2022 baada ya malalamiko ya nchi nzima. Kodi ilikwenda, lakini namba ina faida: inathibitisha kwamba simu iliyorudishwa ndiyo ile iliyoachwa. Wote wawili watie sahihi, na mteja aipige karatasi picha kwa simu ya mwenzake.

Karatasi hiyo ina uzito mbele ya sheria. Sheria ya mikataba ya Kongo, inayotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Fundi aliyekabidhiwa simu ili aitengeneze kisha akaiuza anaweza kushtakiwa kwa kosa ambalo wanasheria huliita abus de confiance. Na tangu tarehe 13 Machi 2023, nchi ina kanuni ya sheria za kidijitali ambayo inalinda habari binafsi za watu. Lakini kabla ya kufika huko, ugomvi mwingi unaweza kuisha mbele ya kiongozi wa mtaa, kama kuna maandishi ya kumwonyesha.

Fundi anayekataa kuandika hana lazima awe mwizi. Huenda hajazoea tu. Lakini anayekubali kuandika jina lake, bei yake na siku zake amekubali pia kuulizwa baadaye.

Simu isiyo na mwenyewe

Swali moja linapaswa kutoka kwa fundi mwenyewe: simu hii ni ya nani? Fundi anayefungua simu yoyote iliyofungwa bila kuuliza kitu, anayebadilisha IMEI, au anayeuza mezani simu zisizo na karatasi, ni fundi ambaye siku moja anaweza kuuza simu ya mteja wake kwa njia hiyo hiyo. Pia anawaweka wateja wake katika hatari. Katika mji unaoishi na vita, ambako mauaji ya ADF yamewagusa watu wa Beni kwa miaka, simu iliyoibiwa kwa mtu aliyeuawa au kutekwa inaweza kumletea aliyeinunua maswali mazito mbele ya vyombo vya usalama.

Fundi makini ataomba kuona kadi ya uchaguzi ya anayeleta simu iliyofungwa, au karatasi ya kununulia, na ataandika namba. Mteja asichukie. Daftari hilo linamlinda fundi, na siku simu ya mteja huyo itakapoibiwa, ndilo litakalomsaidia kuipata.

Mteja naye ana deni lake

Mafundi nao wana malalamiko ya haki. Kuna simu zinazokaa kwenye droo miezi mingi kwa sababu mwenyewe hakurudi kulipa, ingawa kipuri kilishanunuliwa. Kuna wateja wanaoficha kwamba simu iliingia maji, kisha wanamshtaki fundi kwamba ameiua. Wengine walishapitia meza tatu, na wa nne ndiye anayebebeshwa makosa ya wote. Wapo pia wanaobana bei mpaka fundi hawezi tena kununua kipuri kizuri, halafu wanashangaa kioo kinapofifia.

Ukweli wa mteja ni sehemu ya matengenezo. Akisema wazi simu ilivyoharibika, nani aliigusa na ana kiasi gani, fundi anaweza kumwambia kama inafaa kuitengeneza au kutafuta nyingine. Mara nyingine jibu zuri kuliko yote ni lile lisilomwingizia fundi pesa: simu hii usiitengeneze, itakula zaidi ya thamani yake. Anayesema hivyo anapoteza franka za siku hiyo, na anaweza kupata mteja wa miaka.

Kwa mgeni asiyemjua mtu, njia ya kuanza ni ndogo. Aulize watu wawili au watatu wa jirani, si ni fundi gani anajua, bali ni fundi gani walimrudia mara ya pili. Kisha ampelekee kwanza kazi isiyo na hatari, kama kubadili waya au kusafisha tundu, aone anavyopokea watu, anavyotaja bei na anavyotimiza saa.

Kabla ya kuondoka mezani

Simu ikishatengenezwa, mteja asiiweke mfukoni haraka. Hapo hapo aijaribu: apige na apokee, aongee na asikie, achaji kwa dakika kadhaa, apitishe kidole kila kona ya kioo, apige picha kwa kamera zote mbili, ajaribu mtandao kwa SIM yake. Kwa kompyuta, afungue kazi zake aone ziko, ajaribu kila bonyezo, sauti na chaji. Aombe kipuri cha zamani. Asome tena karatasi, na ahakikishe siku za garanti zimeandikwa.

Fundi wa kuaminika atangoja mpaka majaribio yaishe, kwa sababu naye anataka kujua kama kazi yake imeshika. Mteja akifika nyumbani, abadili neno la siri, aangalie vifaa vya WhatsApp, kisha anakili picha na kazi zake mahali pa pili, kwenye flashi au kwa simu ya ndugu. Kwa sababu hata fundi bora wa Bungulu hawezi kurudisha kilichokuwa mahali pamoja tu, siku mahali hapo pakizimika kabisa.